Ukifika Ifakara na Hutumii Nyama Wala Samaki

Mgeni akishuka Kibaoni, hapa Ifakara, hata kabla hajauliza njia, atasikia habari za samaki. Kitoga, perege, kambale: hao ndio fahari ya Ifakara, na wenyeji huwasifia kwa moyo mweupe. Masika ikifika Mto Kilombero hufurika na kulifunika bonde kwa maji, na maji yakipungua mabwawa hubaki yamejaa samaki. Wandamba wameishi kwa uvuvi huo vizazi na vizazi. Kwa hiyo asiyetumia nyama, samaki, mayai wala maziwa huja huku na wasiwasi, na simlaumu. Atakula nini mahali ambapo kitoweo kinaelea mlangoni?

Atakula, tena vizuri kuliko alivyodhani, kwa sharti moja: aseme mapema, kabla sufuria haijainjikwa, na aulize chakula kimeungwa na nini badala ya kuridhika na jina lake. Mengi nitakayoyaeleza hapa yanatoka katika sharti hilo.

Wanaouliza habari hizi si wachache siku hizi. Wapo Wasabato, ambao wengi wao wameacha nyama kwa imani. Wapo Marasta. Wapo Wahindu ambao hawajawahi kuionja tangu kuzaliwa. Wapo walioshauriwa na daktari kwa ajili ya shinikizo la damu au jongo, na wapo vijana walioamua tu kwamba hawataki mnyama afe kwa ajili ya sahani yao. Wote hao nawaandikia, ila nawaomba wajue jambo moja kabla ya kupanda basi: bonde hili limewazoea watu wa aina yao, hata kama halina jina la kuwaita. Katika koo nyingi za huku kuna mwiko. Huyu hali mnyama fulani, yule hagusi samaki wa namna fulani, na hakuna anayemcheka. Asiyeeleweka ni yule anayenyamaza mpaka amepakuliwa, ndipo aisukume sahani.

Tuanze na wali, maana ndio uliolipa bonde jina. Mchele wa Ifakara unasifiwa Morogoro mpaka Dar es Salaam, na ukiula huku huku unapolimwa utaelewa kwa nini. Omba mchele wa Supa ukiweza. Wakulima wengi wameipokea mbegu ya SARO 5 kwa sababu inazaa sana, lakini kwa harufu na ladha Supa haijapata mshindani mezani. Ukija kati ya Mei na Julai, wakati wa mavuno, utakuta mchele mpya ambao unapikwa kwa maji machache na kushikana kidogo. Wapo wanaoulalamikia. Mimi nauona kuwa ndio mtamu kuliko wote, na ukiupata na maharage ya nazi huhitaji kingine.

Wali wa kibandani hupikwa kwa mafuta na chumvi, au kwa nazi, na kote huko uko salama. Pilau ni habari nyingine. Ukisema hutumii nyama, mama lishe mwenye huruma atakwambia, "Usijali, nitakutolea nyama." Anasema kwa wema kabisa. Lakini mchele wa pilau umeivia ndani ya supu ya nyama, na kuvitoa vile vipande hakuubadilishi wali. Ndizi nyama ni vivyo hivyo. Shukuru, kisha uombe wali mweupe.

Upande wa mboga bonde limejaliwa. Kuna mchicha, matembele, kisamvu, majani ya maboga, majani ya kunde, mnafu, bamia, nyanya chungu, bilinganya na mlenda. Kuna maharage, kunde, choroko na mbaazi. Mboga hizi huungwa kwa nazi au kwa karanga zilizotwangwa, na yeyote aliyewahi kula majani ya maboga ya karanga na ugali wa dona wa moto anajua kwamba mtu hanyimwi kitu akikosa nyama. Tatizo haliko katika mboga yenyewe. Liko katika kile kilichodumbukizwa humo ili kuleta ladha.

Sikiliza mazungumzo ya kawaida ya kibandani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu ukae."

"Asante. Kisamvu cha leo umekiunga na nini?"

"Nazi, kitunguu, na karanga kidogo."

"Na dagaa hukutia?"

"Aa, dagaa kidogo tu, wa ladha. Hata hutawaona."

Mama huyu hakudanganya. Aliulizwa mboga imeungwa na nini, akataja vile anavyovihesabu kuwa viungo. Dagaa wachache waliopondwa au kipande cha samaki mkavu kwake hakihesabiki kuwa kitoweo, kama vile chumvi isivyohesabika. Kwa hiyo usiulize mara moja ukaridhika. Taja kimoja kimoja: dagaa? samaki mkavu? supu? maziwa? Uliza kwa upole, ukiwa umeketi, na baada ya kumwamkia. Anayeuliza akiwa amesimama mlangoni kama mkaguzi wa afya atajibiwa haraka haraka ili aondoke.

Kisamvu na mlenda ndivyo vya kuangaliwa zaidi, maana ndivyo vinavyotiwa dagaa mara nyingi. Mchicha na matembele mara nyingi huwa safi. Maharage huwa safi karibu siku zote, ila kuna viungo vya paketi vyenye ladha ya ng'ombe au kuku ambavyo wapishi wengi wamevizoea. Kama vinakusumbua, omba uione paketi na uisome mwenyewe.

Kuna jambo dogo la kupakua ambalo limewaharibia watu chakula wakiwa tayari wamemaliza maelewano yote. Umeagiza wali na maharage. Mama amekubali. Anachukua sahani, anapakua wali, na kwa mkono ambao umefanya hivyo maelfu ya mara anachota mchuzi kwenye sufuria ya nyama na kuumwagia juu ya wali, kwa ukarimu, ili usile mkavu. Hajakusudia. Basi wakati anainua upawa, mwambie tena: "Mama, mchuzi usiniwekee, niongezee maharage." Angalia pia kama upawa wa maharage ni huo huo uliotoka kwenye samaki. Ukiwa mtu wa kuona kinyaa kwa hilo, njoo uwe wa kwanza kupakuliwa, sufuria zikiwa hazijavurugwa.

Hapo ndipo saa inapokuwa na maana. Mabanda mengi huwasha moto mapema asubuhi, na maharage hukaa jikoni saa nyingi. Ukipita saa 3 au saa 4 asubuhi ukaagiza chakula cha saa 7, mama anaweza kukutengea mboga kabla hajatia dagaa, au kukupikia kibakuli chako pembeni. Ukija saa 8 mchana utakuta kilichobaki, na kilichobaki hakibadilishiki tena. Mimi humshauri kila mgeni anayekaa Kibaoni zaidi ya siku mbili achague banda moja, amzoee mama mmoja, na arudi hapo hapo. Siku ya tatu utakuta anakusubiri na mboga yako ameitenga, na atakuwa amewaambia na majirani zake. Anayezunguka kila siku banda jipya huanza maelezo upya kila siku.

Asubuhi ndiyo rahisi kuliko nyakati zote. Mihogo ya kuchemsha, viazi vitamu, magimbi, uji wa ulezi au wa mchele wenye limau, na chai ya rangi. Sema "ya rangi" kwa sauti, maana wengine humletea mgeni chai ya maziwa kwa heshima. Vitumbua vya huku hutengenezwa kwa mchele wa huku, na vingi havina kitu zaidi ya mchele, nazi, sukari, hamira na hiliki, lakini wapo wanaotia maziwa au yai. Maandazi na chapati nazo ziulize. Mkate wa kumimina mara nyingi una mayai. Ukibahatika kuja mpunga ukiwa bado mchanga, tafuta pepeta: mpunga wa kijani unaokaangwa na kutwangwa ungali laini, ukatoka bapa, na harufu yake inafanana na ya majani mabichi yaliyopigwa jua. Huliwa mkavu, au na nazi iliyokunwa na sukari. Chakula hicho hakihitaji maswali, na sijui mkahawa wa mji mkubwa unaoweza kukupa kitu kama hicho.

Jioni kuna chipsi. Chipsi kavu ni viazi na mafuta, ila uliza karai hilo hukaangwa nini kingine. Mara nyingi kuku na samaki hupita humo humo. Mihogo ya kukaanga na kachumbari mara nyingi ina karai lake. Kuhusu kachumbari na matunda, kula yale unayoyamenya mwenyewe, na mbichi nyingine ule pale tu unapoona maji safi yakitumika. Tumbo la safari halina hiari kama la nyumbani.

Sasa nije kwenye nyumba za watu, maana kibandani unalipa na kuondoka, lakini nyumbani unapokewa. Huko ndiko hasa watu wanaokula mimea tu wanakoumia na kuumiza wengine.

Mgeni bondeni huchinjiwa kuku. Kuku huyo pengine alikuwa wa kuuzwa kwa ajili ya daftari la mtoto, na ameamuliwa kwa ajili yako tangu jana uliposema unakuja. Akishachinjwa, lolote utakalosema limechelewa. Ukikataa umemvunjia mwenyeji heshima mbele ya watoto wake, na ukila umejivunja mwenyewe. Wala hakuna neno tamu la kuliponya hilo. Dawa ni simu ya siku mbili kabla. Mpigie mwenyeji wako, msalimie nyumba nzima kwa majina, kisha useme: "Nina ombi moja, kaka. Mimi kuku na samaki situmii, wala mayai. Mwambie shemeji asihangaike, nikipata matembele na ugali nimeshiba." Hakikisha habari imemfikia anayepika. Baba wa nyumba anaweza kuitikia kwenye simu na kusahau, halafu shemeji akajua wakati ameshamwaga damu ya kuku uani.

Sema "situmii". Ukisema "sipendi" umemhukumu mpishi kabla hujaonja mkono wake, na ukisema "siwezi" watadhani unaumwa, wataanza kukutafutia dawa. Usisingizie kufunga wala ugonjwa. Watu wa huku wana kumbukumbu nzuri, na wiki ijayo mwezi wa mfungo utakuwa umeisha na wewe bado hutumii. Kama sababu yako ni imani, itaje. Kama ni daktari, mtaje. Kama ni huruma kwa wanyama, unaweza kuitaja pia, kwa sentensi moja, kisha unyamaze.

Nasema unyamaze kwa sababu katika bonde hili habari ya mifugo si mazungumzo ya kupitisha jioni. Wakulima na wafugaji wamegombania ardhi na maji hapa kwa miaka mingi, na mwaka 2012 mifugo mingi iliondolewa bondeni kwa operesheni ya serikali. Waliofukuziwa ng'ombe wapo, na wakulima walioliwa mpunga na ng'ombe wapo, na huenda wamekaa jamvi moja nawe. Mgeni anayeanza kuhubiri ubaya wa nyama hapo anagusa kidonda asichokijua. Sahani yako ya mboga tupu imekwisha kusema inachotaka kusema. Watakaotaka kujua zaidi watakuuliza wenyewe.

Usiende mikono mitupu. Sukari, sabuni na mafuta ya kupikia ni zawadi za kawaida, lakini wewe ongeza karanga kilo moja au nazi kadhaa, na uzikabidhi jikoni ukisema, "Nimeleta za kuungia mboga." Umelimaliza suala la dagaa bila kulitaja, na mama wa nyumba atazitumia hizo hizo ulizoleta. Kisha ukipakuliwa, kula. Omba na nyongeza. Anayeacha nyama halafu akadonoa mboga kama kifaranga atawaacha wenyeji wakiamini kwamba kumbe alikuwa hataki chakula chao.

Na kuna kuku wa kuondokea. Vijijini ng'ambo ya mto, na hata hapa mjini, mgeni aliyependwa hupewa jogoo au tetea hai, kafungwa miguu, abebe kwake. Usimkatae. Mpokee kwa mikono miwili, ushukuru, kisha umpe mtoto wa nyumba hiyo na useme, "Nifugieni hapa hapa, nikirudi nikute vifaranga." Watu watacheka kwa furaha, zawadi itakuwa imepokewa, kuku atakuwa hai, na utakuwa umeahidi kurudi. Ila usiahidi kama hutarudi.

Kalenda nayo inasaidia, ingawa si kama wengi wanavyodhani. Mgeni Mkatoliki hufikiri Kwaresima ndiyo itakayomrahisishia. Nyama kweli hupungua, hasa Ijumaa, na mahali pake hushikwa na samaki, kwa hiyo kwa mtu kama wewe Kwaresima ya Ifakara ni msimu wa samaki. Ramadhani ndiyo neema. Mchana baadhi ya mabanda hufungwa, lakini jua likizama futari ya Waislamu wa huku karibu yote ni mimea: mihogo ya nazi, magimbi ya nazi, viazi vitamu, ndizi, kunde, tende, uji wenye pilipili manga. Ukialikwa futari, nenda, na maswali yako yatakuwa mawili tu badala ya kumi.

Mtu asidhani haya ni mambo mapya tu yaliyoletwa na vijana wa mjini. Waethiopia wa Kanisa la Othodoksi hawagusi nyama, maziwa wala mayai siku za kufunga, zikiwamo Jumatano na Ijumaa za sehemu kubwa ya mwaka, ndiyo maana Mtanzania asiyekula nyama anayefika Washington, au mji wowote wenye Waethiopia wengi, anashauriwa atafute mgahawa wao kwanza. Hata Marekani yenyewe jambo hili lilianza kwa watu wa dini: mwaka 1817 kikundi cha Wakristo kutoka Uingereza, wakiongozwa na mchungaji William Metcalfe, walihamia Philadelphia wakiwa wameapa kuacha nyama, na waumini wao walikuwa miongoni mwa walioanzisha chama cha wasiokula nyama nchini humo mwaka 1850. Anayekwenda kuitembelea Philadelphia kwa ajili ya historia ya uhuru wa Marekani anaweza kujua pia kwamba mji huo uliwapokea watu kama yeye zaidi ya miaka 200 iliyopita.

Ifakara nayo ina historia yake ya kutembelea, na safari nyingine zina habari zake za chakula. Hospitali ya Mtakatifu Fransisko ilikua kwa mikono ya wamisionari wa Uswisi. Mwaka 1949 Profesa Rudolf Geigy wa Basel alifika hapa kuchunguza magonjwa ya nchi za joto, na kutokana na kazi yake ikazaliwa maabara ambayo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara, inayojulikana duniani kwa utafiti wa malaria na mbu. Usisome hilo ukalala bila chandarua. Mbu wamechunguzwa hapa kwa sababu wapo.

Ukitaka historia ya vita, vuka Mto Kilombero kwa Daraja la Magufuli, lenye urefu wa mita 384, ambalo limemaliza adha ya kivuko, uelekee Mahenge. Tarehe 30 Agosti 1905 wapiganaji wa Maji Maji walilishambulia boma la Wajerumani huko, na wengi waliuawa kwa bunduki za mtombo. Mahenge iko juu milimani, kuna baridi, na safari ni ndefu. Beba chakula chako cha mchana, kwa sababu ukifika saa 9 umechoka hutakuwa na subira ya kuuliza habari za dagaa.

Milima ya Udzungwa ndiyo inayohitaji maandalizi kuliko pote. Hifadhi hiyo ilianzishwa mwaka 1992, makao yake yako Mang'ula kwenye barabara ya kutoka Mikumi, na ndani yake hutembei kwa gari bali kwa miguu. Njia ya maporomoko ya Sanje, yanayoshuka karibu mita 170, ni ya kupanda kwa saa kadhaa. Msituni wamo mbega wekundu wa Iringa na ngolaga wa Sanje, nyani ambaye wanasayansi hawakumjua mpaka mwaka 1979. Huko juu hakuna banda la mtu. Ukiagiza chakula cha kubeba kwenye nyumba ya wageni bila kusema neno, utafungua boksi na kukuta kipande cha kuku, yai la kuchemsha na mkate wa siagi. Agiza usiku wa jana yake, na useme unachotaka badala ya usichotaka: viazi vitamu vinne vya kuchemsha, karanga za kukaanga, ndizi mbivu, chapati za maji na chumvi, limau. "Asinipe kuku" humwacha mpishi gizani. Orodha humpa kazi ya kufanya.

Njiani mambo ni mepesi. Treni ya TAZARA, ukiikuta inatembea, ina behewa la chakula ambalo kuku, samaki na nyama ndivyo hutangulia, lakini vituoni akina mama huleta ndizi, maembe, mahindi ya kuchemsha na karanga dirishani. Kwa basi, kutoka Mikumi hadi Ifakara utapita mashamba ya miwa ya Kilombero, na pale Ruaha na Kidatu utapata miwa iliyomenywa. Basi likisimama Mikumi kwa chakula, dakika ni chache na foleni ni ndefu. Usitegemee kujadiliana hapo. Mfuko wa karanga na ndizi ndio usalama wako.

Neno moja la afya, na nalisema kwa mkazo. Asiyekula kabisa kitu chochote kitokacho kwa mnyama hapati vitamini B12 ya kutosha katika mimea, na hakuna mchicha wala uyoga wa bondeni utakaomwokoa. Beba vidonge vyake kutoka nyumbani. Kwa madini ya chuma, mboga za majani na maharage zinayo, na limau au chungwa pamoja na chakula huusaidia mwili kuyachukua, ila chai ya rangi inayonywewa papo hapo huzuia, kwa hiyo iache chai mpaka saa moja baada ya kula. Kula jamii ya maharage kila siku, hasa ukiwa unapanda milima. Kisamvu ule kilichotwangwa na kuchemshwa muda mrefu tu, kwa kuwa majani ya muhogo mabichi yana sumu inayoondoka kwa kutwangwa na kuivishwa vizuri. Wapishi wa huku wanalijua hilo tangu kwa bibi zao, lakini ukijipikia mwenyewe usifanye haraka.

Siku ya mwisho, kama una nafasi, elekea Mbingu, kwenye barabara ya Mlimba. Huko wakulima wadogo hulima kakao, na tangu mwaka 2013 kampuni ya Kokoa Kamili inanunua punje zao mbichi, inazichachusha na kuzianika, kisha kuziuza kwa watengenezaji wa chokoleti nje ya nchi. Dandelion Chocolate ya San Francisco wametengeneza chokoleti kwa kakao hiyo kwa vitu viwili tu, kakao na sukari, bila tone la maziwa. Mkulima wa Mbingu akikupasulia tunda lake, nyonya ule utelezi mweupe unaozunguka punje: una utamu mkali wenye uchachu, karibu na wa stafeli, na watu wengi waliokula chokoleti maisha yao yote hawajawahi kuuonja. Omba ruhusa kabla ya kuingia shambani, ulipie ulichokula, na usiteme punje chini. Mrudishie, kwa maana punje ndizo anazouza.

Ukirudi Kibaoni nunua mchele wa kubeba. Chagua asubuhi, ukiwa na muda, umimine kiganjani, uunuse, uangalie chenga na mawe, na umuulize muuzaji ni wa msimu huu au wa mwaka jana. Kama ni wa mwaka jana ongeza maji kidogo ukiupika. Pepeta nayo ukiipata ifunge kwenye karatasi badala ya nailoni, isivunde njiani, na uile ndani ya siku chache.